Meli za Kaka

Wanawake walikuwa wanapika chakula cha matanga uani, kule Buhehe, upande wa Uganda, simu ya marehemu kaka yake ilipolia mkononi mwa Amuge.

Hakuna aliyepiga. Ulikuwa ule mchezo wa vita vya angani ambao kaka yake aliucheza kila akitoka kuendesha bodaboda mjini Busia. Rafiki yake wa humo, ambaye hakuwahi kuonana naye ana kwa ana, alikuwa ameandika: "Boss, uko wapi? Wamezingira sayari yangu. Tuma meli, wananimaliza!"

Amuge alizitazama meli. Kaka yake alizijenga kwa miaka, moja moja, na zote zililinda sayari aliyoipa jina la mama yao. Zikiondoka, sayari hiyo ingebaki wazi.

Kioo kilikuwa kimepasuka pale kidole gumba cha kaka yake kilipozoea kubonyeza. Amuge aliweka chake hapo hapo. Ufa ukamkwaruza ngozi.

Akabonyeza. Meli zote zikaondoka.

Kisha akaandika: "Mwenyewe alifariki. Tulimzika Jumamosi. Mimi ni dada yake."

Sayari ya rafiki iliokoka. Ile yenye jina la mama ilishambuliwa, ikaanza kuungua, na Amuge aliitazama mpaka machozi yakamziba macho.

Jibu likaja: "Pole sana, dada. Mimi niko Busia, upande wa Kenya. Nielekeze kwenu. Navuka sasa hivi."

Amuge aligeukia uani.

"Bakizeni chakula," aliwaambia wanawake. "Kuna ndugu mwingine anakuja."