Diski Nne

Umeme uliporudi asubuhi ile, kompyuta ya hospitali iliziona diski zake nne kama wageni wasiojuana. Picha zote za eksirei zilikuwa zimegawanywa humo, kila diski na kipande chake. Tunu, fundi wa kompyuta, alikuwa na programu mbili za kuziunganisha. Ya kwanza ingemaliza kwa dakika kumi, lakini ingeandika juu ya diski zenyewe, na ikikosea mpangilio, basi, picha zote zimepotea. Ya pili ingesoma tu bila kubadilisha kitu, ila ingechukua saa mbili.

Daktari Nyanjige aliingia, glovu zikiwa bado mkononi.

"Tunu, nahitaji picha ya kichwa cha yule mwashi aliyeanguka jana. Mashine ya eksirei nayo imeungua, siwezi kupiga nyingine."

"Anaweza kusubiri saa mbili nzima, daktari?"

"Sijui. Kweli sijui."

Tunu alikuwa ameshaweka kidole tayari kuifungua programu ya haraka. Akawafikiria wagonjwa wengine wote ambao picha zao zimo humo. Akafungua ile ya polepole.

"Nisamehe, daktari."

Daktari alikwenda wodini, akarudi, akaenda tena, akarudi.

Adhuhuri ilipokaribia, picha ilianza kujitokeza kutoka juu, mstari baada ya mstari: utosi mweupe, kisha paji la uso. Daktari alivaa miwani, akainama karibu na kioo cha kompyuta. Nusu ya chini ilikuwa bado nyeusi.