Mwenye Picha Kimya

Mwanamke aliingia studio akiwa na mnyororo wa mbwa umezungushwa mkononi, na mwisho wa mnyororo hapakuwa na mbwa.

"Naomba nakala mia za picha hii," alimwambia dada wa mashine. "Za kubandika mitaani. Tunatafuta tangu jana asubuhi. Imefifia kidogo, muing'arishe, lakini leo hii hii, dada yangu, kabla ya giza."

Dada aliitazama picha, akautazama mnyororo, akasikitika. "Ya mbwa? Tena nyeusi na nyeupe? Basi hiyo haipiti kwangu. Mpaka Jicho aikague." Akaonyesha mlango wa nyuma.

Jicho! Jina hilo alijipa mwenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angempa. Miaka ishirini na sita alipiga picha za pasipoti: kaa wima, kidevu juu, usicheke, anayefuata. Alipostaafu akalala fundi, akaamka msanii. Tangu hapo kila Jumamosi huwakusanya watu sita chumba cha nyuma na kuwafundisha kupiga na kusafisha picha za wanyama, zisizo na rangi, kwa sababu rangi, anasema, ni za watu wa harusi. Skafu shingoni, joto lote lile. Watu wakinyamaza hudhani wanamheshimu, masikini wa Mungu.

Darasa lake lina sheria moja, imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: MWENYE PICHA KIMYA. Picha ijieleze yenyewe. Ukifungua mdomo, Jicho huinua kidole na darasa zima linakusonya.

Siku hiyo alikuwa amemaliza kumkaanga mwanafunzi mmoja, kinyozi, kwa picha yake ya mbuzi. "Huyu si mbuzi, huyu ni gunia la mkaa lenye masikio. Nenda kamwangaze upya." Kinyozi alicheka kwa adabu, kama mtu aliyekanyagwa na mkwewe.

Picha aliyoileta yule mwanamke, Jicho aliipokea kwa ncha za vidole, kama soksi ya mtu mwingine.

"Kumbe mbwa amepotea."

"Hapana, mwalimu, si—"

Kidole juu. "Mama, umesoma ukutani?"

"Nimesoma, ila ngoja nikueleze, huyu—"

Darasa likasonya. Kosa la pili adhabu yake ni benchi la nje, na nje akatolewa, mlango ukafungwa. Alikaa akiukunja na kuukunjua ule mnyororo. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro. Ndani alisikia sauti tu.

"Picha moja, mnyama mmoja!" Jicho alinguruma. "Hapa mnaona vitu vingapi?"

"Kuna ndoo," alisema kinyozi, kwa furaha ya mtu ambaye zamu yake imepita.

"Ndoo, toa!"

"Kamba ya nguo."

"Toa!"

"Na hapa kushoto, mwalimu?" Hiyo ilikuwa sauti ya nesi, mwanafunzi mpya. "Hapa napo?"

"Hasa hapo! Pamekula nusu ya picha. Takataka tupu. Toa!"

"Lakini mbwa ameegemea hapohapo."

"Ataegemea hewa. Mbwa hana mgongo?"

Wakacheka. Nesi hakucheka. "Mimi naona tungemuuliza yule mama kwanza."

"Nesi, kwani wewe hospitali huwa unaliomba jipu ruhusa?"

Wakacheka zaidi, na nesi naye akasema, "Haya, toa." Ndivyo akili za watu sita zinavyotoshea mfukoni mwa mtu mmoja.

"Sasa macho," Jicho aliendelea. "Yafungueni, yang'ae. Sura isomeke hata na mtu aliye upande wa pili wa barabara."

Pale bencheni mwanamke alivuta pumzi. Angalau sura itaonekana. Akamsamehe yule mzee kiburi chake chote, maana mwenye shida hachagui wa kumsaidia.

Saa sita kamili Jicho alitoka na bahasha nene, imefungwa kwa gundi na kubandikwa nembo ya jicho.

"Mama, umeleta takataka, unaondoka na sanaa. Shukuru."

"Ahsante sana, mwalimu. Mmeacha nafasi ya kuandika chini?"

"Maandishi yanaua picha!"

"Haya. Tutagundisha ya kwetu. Na ile picha yangu?"

"Ile inabaki ubaoni. Jumamosi ijayo nitaifundishia uchafu."

Alikuwa na nakala mia mpya kwapani, ya nini kubishana? Jicho akafunga milango miwili, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake kula. Mwanamke akakimbia.

Kwenye kona ya pili kaka yake alikuwa akisubiri na ndoo ya gundi na vikaratasi walivyoandika tangu alfajiri. Miguuni pake mbwa alikuwa amelala. Alipousikia mnyororo akainuka na kutikisa mkia. Ndio huohuo alioukokota jana mchana, aliporudi nyumbani peke yake.

"Zimetoka vizuri?" kaka aliuliza.

"Anasema sura inasomeka hata kutoka ng'ambo ya barabara."

Kaka alichana bahasha, akaipaka gundi picha ya kwanza kwa nyuma, akaipiga ukutani, na chini yake akabandika kikaratasi. Kisha wote wawili wakarudi hatua tatu ili watazame.

Mbwa alikuwa amekaa peke yake katikati ya weupe mtupu, ameinama kushoto, ameegemea hewa, macho yanang'aa. Chini yake paliandikwa: BABA YETU, MIAKA SABINI NA TISA. HAKUMBUKI TENA JINA LAKE. UKIIONA SURA HII, TAFADHALI MSHIKE MKONO, USIMWACHE.