Ijumaa ya Picha Uani

Sheria haikuwa na mafumbo: kila Ijumaa unawapiga picha ndege na vipepeo wa uani kwako, unazituma serikalini, na wakipungua, kinachowafukuza kinachukuliwa. Paka wa Zawena alikwenda hivyo mwaka jana. Mwaka huu bintiye, Tunu, alikuwa ameanza kukimbia, na kila akiona kipepeo alipiga kelele za furaha.

"Mama Tunu, mfunze kunyamaza," alisema jirani, Mama Shungu, kutoka ng'ambo ya ua. "Wangu alisumbua siku tatu tu. Siku hizi hata akianguka humsikii."

Zawena akamfunza, kwa namna ambayo hakumsimulia hata mumewe.

Ijumaa ile Tunu aliketi kwenye majani, tuli kama mtungi. Ndege aina ya minana walishuka wengi, kipepeo akatua begani mwake, na picha zikapita hesabu ya mwaka jana. Jibu likaja papo hapo: hakuna cha kuchukuliwa.

Zawena akapiga magoti mbele yake akicheka na kulia. "Yamekwisha, mwanangu. Haya, piga kelele utakavyo."

Tunu akatupa macho huku na huku, kisha akamziba mama yake mdomo na pua kwa viganja vyote viwili, akakandamiza.