Waliokuja Kulima

Siku ya ujima, Bi Somoe alichemsha sufuria nzima ya mihogo, akaiweka kando ya shamba na kuwangoja majirani waje kumsaidia kulima. Hakuja hata mmoja. Wote walikuwa mkutanoni wakibishana juu ya nguruwe pori: wauawe kwa mkuki au kwa mtego, na wakishauawa nani atawagusa. Jua lilipotua, Bi Somoe aliimwaga mihogo palepale kwa hasira, akarudi nyumbani.

Asubuhi majirani walimkuta shambani. Walikuja na mikuki na mbwa, wakiongozwa na Machano. Nusu ya shamba ilikuwa imefukuliwa mpaka kichakani, na mihogo imeliwa yote.

"Pole, Bi Somoe," alisema Machano. "Wamekuharibia. Leo tunawamaliza."

Bi Somoe alichota udongo, ukamtiririka vidoleni kama unga. Jembe lake lisingeutifua hivyo kwa wiki nzima. Akaanza kucheka.

"Machano, niliita ujima. Nani alikuja?"

Machano aliutazama mkuki wake.

"Basi waliolima ndio waliokula. Tangu lini mtu akaua wageni wake?"

"Lakini hao ni nguruwe!"

"Na wewe ni mtu, na hukuja."

Watu waliangua kicheko, kisha ubishi ukaanza upya, mkali kuliko wa jana. Bi Somoe hakuungoja uishe. Alifungua pindo la kanga, akaanza kuangusha karanga mojamoja ndani ya alama za kwato.

Jioni, nusu ya pili ya shamba ikiwa bado haijalimwa, jikoni kwake zilitokota sufuria mbili za mihogo.