Rula ya Mhasibu

Mhasibu wa kiwanda cha sare aliinuka kwenda kupokea simu, na rula anayofunikia mishahara ya wengine mtu anaposaini ikabaki imekaa upande.

Fundi mmoja kijana, kalamu mkononi, akaona mstari wa Dada Kola, mshonaji mwenzake, chini ya wake. Alidhani amesoma vibaya. Akaufuata kwa kidole, toka jina hadi tarakimu. Mshahara wa dada ulikuwa nusu ya wake.

Dada Kola ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Asubuhi ile ile alimfumulia kola iliyopinda, akaishona upya kabla msimamizi hajapita. "Nyamaza, mdogo wangu," alimnong'oneza. "Aibu yako ni yangu."

Kwenye kidole cha fundi bado kulinata kipande cha uzi wa buluu wa kola ile.

"We fundi, umeganda kama unasoma wosia!" Dada Kola alikuwa nyuma yake kwenye foleni, anacheka. "Saini usogee, miguu inaniuma. Kazi yetu moja, mshahara wetu mmoja, unachunguza nini?"

Fundi akafungua mdomo amwambie. Kisha akamwona mhasibu anarudi, na akajua, akisema, jinsi mishahara yao itakavyosawazishwa: wake ndio utakaoshuka.

Akasaini. Kwa kidole kile chenye uzi, akaisukuma rula taratibu hadi ikafunika jina lake mwenyewe na tarakimu zake.

"Karibu, dada," akasema, akitazama sakafu.