Watulizaji

"Askari wa mwili wako wameshafika kwenye uvimbe, mama," daktari alimwambia Mwanahawa. "Lakini kuna seli nyingine ambazo kazi yake ni kuwatuliza, wasije wakaumiza mwili wenyewe. Saratani imejizungushia seli hizo, nazo zinawashika askari mikono."

Mwanahawa akacheka bila furaha. Watulizaji aliwajua. Siku shemeji yake Shebe alipomtoa nyumbani kabla hata ya arobaini ya marehemu mumewe, Mwanahawa alimfuata na mchi wa kinu. Aliyemdaka kifundo cha mkono ni Makame, kaka yake wa tumbo moja. "Dada, yaishe." Ikaisha hivyo, na Shebe hadi leo analala kwenye chumba alichofia mumewe.

"Dawa hii inawaondoa watulizaji," daktari aliendelea. "Ila askari wakikosa wa kuwazuia, wanaweza kushambulia hata viungo vizima. Ngozi, utumbo, ini."

"Waachie hao askari," Mwanahawa alisema.

Makame, aliyekuwa amemsindikiza, akamshika kifundo, pale pale pa siku ile. "Dada, si tungengoja kidogo?"

Mwanahawa aliutazama mkono ule mpaka Makame mwenyewe akauondoa.

Muuguzi akamfunga mpira mkononi. "Kunja ngumi, mama." Akaikunja. Mshipa ukasimama, sindano ikaingia, mpira ukafunguliwa, dawa ikaanza kudondoka.

"Haya, sasa fungua ngumi."

Mwanahawa alikuwa anamtazama kaka yake. Ngumi hakuifungua.