Nalepo Avuka Korongo

Magari yalijiendesha kila mahali. Binadamu aliruhusiwa kushika usukani pale tu ambapo hakuna gari lililowahi kupita.

Kwa hiyo Nalepo alilifungia winchi ya kujivuta matopeni gari lake jipya la fo-wili, akatupia koleo nyuma, akapunguza upepo wa tairi mbele ya korongo.

"Mama Sanaipei, hilo tope lilimeza punda," mumewe alimtania.

"Punda hakuwa na winchi, Baba Sanaipei."

Walizama, wakajivuta, wakatokea ng'ambo. Nalepo alitunisha kifua kama mbunge mpya.

"Hongera," gari likasema. "Njia nimeishika, na sasa magari yote yanaijua." Usukani ukajikunja, ukapotelea ndani ya dashibodi.

"Sasa binti yetu akikua ataendesha wapi?" mumewe aliuliza.

Nalepo alifuta matope usoni, akitabasamu bado, huku macho yakitafuta kilima kisichowahi kupitwa na gari.